Diski ya Hifadhi ya Mtandao Inapogoma Kufomatiwa

Kufomati diski ni kuiandalia upya utaratibu wa kutunza mafaili: kuitenga katika sehemu zenye mipaka inayojulikana, kuiwekea daftari linaloonyesha faili gani limeandikwa wapi, na kuliondoa daftari lililokuwa likitumika kabla ya hapo. Kwa diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani kazi hiyo humalizika kwa kubofya mara chache, na ndiyo maana mtu hushangaa, tena mara nyingi huingiwa na hofu, pale diski iliyotoka kwenye kisanduku cha hifadhi ya mtandao inapounganishwa na kompyuta yake ikakataa katakata: mara haionekani kabisa, mara inaonekana na vipande vinne au vitano visivyofutika, mara inajitangaza kuwa na ukubwa tofauti na ule ulioandikwa kwenye lebo yake. Wengi hukata shauri kwamba diski imekufa, na aghalabu hukosea. Diski nyingi zinazogoma kwa namna hii ni nzima, nazo hugoma kwa sababu bado zimebeba mpangilio wa mfumo mwingine, ambao kompyuta ya mezani ama haiuelewi ama haina ruhusa ya kuugusa. Na kwa kuwa mpangilio huo mara nyingi umefumbata nyaraka, picha na hesabu za watu, fundi makini huanza kwa kuuliza diski hiyo ilikuwa ya mfumo gani na ndani yake mna nini, kabla ya kuuliza namna ya kuifuta.

Hifadhi ya mtandao, kwa maana inayotumika hapa, ni kisanduku chenye nafasi ya diski moja, mbili, nne au zaidi, chenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake, ambacho huunganishwa kwenye ruta ya ofisi au ya nyumbani ili kompyuta na simu zote za mtandao huo ziweke na kuchukua mafaili mahali pamoja. Kampuni za Taiwan kama Synology na QNAP zinajulikana sana kwa visanduku hivi, na Western Digital ya Marekani iliuza vingi vidogo vya diski moja kwa matumizi ya nyumbani. Kwa nje kisanduku hufanana na kifaa cha kuchomeka tu, lakini kwa ndani ni kompyuta kamili, na visanduku vingi sana huendeshwa na Linux. Jambo hilo moja ndilo chimbuko la sehemu kubwa ya migomo itakayoelezwa.

Kabla bisibisi haijashikwa, upo mkanganyiko mmoja unaopaswa kuondolewa. Windows humruhusu mtumiaji kuipa herufi folda iliyomo katika hifadhi ya mtandao, tuseme Z, na tangu hapo folda hiyo huonekana katika orodha moja na diski C na D kana kwamba imefungwa ndani ya kompyuta. Mtumiaji akiibofya kulia haoni chaguo la kufomati, na hata akijaribu kwa kuandika amri hujibiwa kwamba diski ya mtandao haiwezi kufomatiwa. Hapo hakuna kilichoharibika. Itifaki zinazobeba mawasiliano hayo, yaani SMB iliyoanzia IBM mwaka 1983 na NFS iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984, husafirisha maombi yanayohusu mafaili tu: fungua faili hili, lisome, liandike, lifute, orodhesha yaliyomo humu. Kufomati ni kazi ya ngazi ya chini zaidi, ngazi ya bloku, yaani vile vipande vidogo vyenye namba ambavyo uso mzima wa diski umegawanywa, na katika ngazi hiyo kompyuta ya mezani haina mlango wowote wa kuingilia, kwa sababu mwenye bloku ni kisanduku. Anayetaka kuifuta hifadhi hiyo hana budi kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa kisanduku chenyewe kwa kutumia kivinjari, kwa jina na nywila ya msimamizi, na kuifuta huko, akijua kwamba anawafutia wote wanaoitumia.

Kanuni hiyo ina hali moja inayoivunja, nayo ni iSCSI, kiwango kilichochapishwa mwaka 2004, ambacho hupitisha mtandaoni bloku badala ya mafaili, hivyo kipande cha hifadhi kilichoko chumba kingine huonekana katika Disk Management, chombo cha Windows cha kusimamia diski, kama diski tupu inayosubiri kufomatiwa. Ikiwa diski ya aina hiyo inakataa, yafaa kwanza kuangalia kama kisanduku kimeitoa kwa kusomwa tu, na kama kuna kompyuta nyingine ambayo tayari imeunganishwa nayo. Hilo la pili ni la hatari kubwa, kwa kuwa mifumo ya faili ya kawaida haikuundwa ili kompyuta mbili ziandike humo kwa wakati mmoja, na kila moja itaziharibu hesabu za mwenzake bila kujua.

Mgomo wenye sura nyingi zaidi ni ule wa diski iliyotolewa ndani ya kisanduku na kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya mezani, iwe kwa kebo ya SATA ndani ya kasha au kwa adapta ya USB. Kuuelewa kunahitaji kujua kisanduku kiliifanyia nini diski hiyo siku ilipoingizwa. Katika visanduku vya Synology, kwa mfano, kila diski ya ndani hutengwa katika vizigeu, yaani sehemu zenye mipaka iliyoandikwa kwenye jedwali maalumu mwanzoni mwa diski: kizigeu cha kwanza hubeba mfumo endeshi wa kisanduku, cha pili hutumika kuisaidia kumbukumbu inapojaa, na nafasi inayobaki ndiyo ya data. Viwili vya mwanzo hunakiliwa kwenye diski zote, ili kisanduku kiweze kuwaka hata diski moja ikifa, na kwa hiyo hata diski ambayo haijawahi kuwekewa faili la mtu yeyote tayari ina nakala ya mfumo endeshi ndani yake. Juu ya vizigeu huja RAID, utaratibu ulioelezwa kwa jina hilo katika makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao huziunganisha diski kadhaa zitende kama moja, ama kwa kuandika kila kitu mara mbili ama kwa kuitawanya data pamoja na hesabu ya kuirejeshea endapo diski moja itapotea. Juu ya RAID ndipo unapokaa mfumo wa faili, aghalabu ext4, ulioingia rasmi katika Linux mwaka 2008, au Btrfs.

Windows nayo hutumia NTFS, mfumo uliokuja na Windows NT mwaka 1993, na kwa kawaida haisomi ext4, Btrfs wala alama za RAID ya Linux. Inachoweza kusoma ni jedwali la vizigeu peke yake. Matokeo yake ni kwamba Disk Management huonyesha vizigeu vitatu, vinne au vitano, vyote vikielezwa kuwa vizima, bila herufi na bila jina la mfumo wa faili, na mtumiaji akivibofya kulia hukuta machaguo karibu yote yamefifia na hayabofyeki. Hiyo ndiyo sura ya kawaida kabisa ya diski ya hifadhi ya mtandao iliyogoma, na tiba yake ni nyepesi. Ila kabla ya tiba hiyo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza mali isiyorudi.

Mara nyingine Windows huvipa vizigeu hivyo herufi na kutoa ujumbe kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, ikiweka na kitufe cha kukubali. Mara nyingine, isipolitambua jedwali, humwomba mtumiaji aianzishe diski, yaani aiandikie jedwali jipya. Ujumbe huo umetungwa vibaya mno kwa kazi nzito unayoifanya. Ukweli wake ni kwamba Windows imeshindwa kuyasoma yaliyomo, lakini msomaji wa kawaida huelewa kuwa diski ni tupu au ni mbovu, na anayetafuta picha za arusi au vitabu vya hesabu za duka lililofungwa hubofya kitufe akidhani anafuata maelekezo. Diski ambayo Windows haiisomi inaweza kuwa imejaa pomoni. Njia salama ya kuhakikisha ni kuiwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, na kuifungua diski hiyo kwa kusoma tu; Windows 11 nayo inaweza kuifungua diski ya ext4 kupitia sehemu yake ya Linux iitwayo WSL, ingawa diski zilizofungwa kwa RAID humtaka mtumiaji awe na ujuzi zaidi.

Aina ya RAID nayo hubadili hesabu. Katika RAID 1, ambamo diski mbili zina yaleyale, diski moja peke yake ina nakala nzima na inaweza kusomwa ikiwa imetengwa na mwenzake. Katika RAID 5, inayohitaji diski tatu au zaidi, hakuna diski moja inayosomeka peke yake, kwa kuwa kila faili limekatwakatwa na kusambazwa. Kundi zima huvumilia kupotea kwa diski moja, lakini ikipotea ya pili, data yote imekwenda. Fundi anayezitoa diski nne za kisanduku kilichoungua na kuzijaribu moja moja kwenye kompyuta yake, akifomati ile inayogoma ili aone kama ni nzima, atakuwa ameliua kundi zima atakapofika kwenye ya pili. Diski za namna hiyo zinapaswa kuandikwa namba kwa kalamu kabla ya kung'olewa, na zisiandikiwe chochote mpaka mwenyewe athibitishe kwamba ana nakala mahali pengine. Hata Linux yenyewe si ufunguo wa kila mlango: visanduku vya My Book Live vya Western Digital viliandika ext4 kwa bloku za baiti 65,536, wakati Linux ya kompyuta za kawaida kwa miaka mingi haikuweza kuifungua ext4 yenye bloku zinazozidi baiti 4,096, hivyo mwenye diski hizo alikataliwa na Windows kisha akakataliwa na Linux pia, na data ikiwa salama muda wote huo.

Ikishathibitika kwamba hakuna kinachohitajika, kazi ya kufuta hufanyika kwa Diskpart, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, ambayo lazima ifunguliwe kwa haki za msimamizi. Amri ya list disk huorodhesha diski zote kwa namba na ukubwa, select disk ikifuatwa na namba huchagua moja, na clean huliondoa jedwali la vizigeu lote kwa mkupuo, bila kujali vizigeu hivyo vilikuwa vya mfumo gani. Programu hii haiulizi mara mbili. Kosa la kuchagua namba 0, ambayo mara nyingi ndiyo diski yenye Windows, badala ya namba 1, halina pa kukatia rufaa, na ndiyo maana mafundi waangalifu huzichomoa diski nyingine zote zisizohusika na kuulinganisha ukubwa unaoonyeshwa na ule wa kwenye lebo kabla ya kuandika neno la mwisho. Hapo hapo yafaa kukumbuka kwamba watengenezaji huhesabu terabaiti kwa makumi, ilhali Windows huhesabu kwa vizio vya 1,024, kwa hiyo diski ya terabaiti 4 itaonekana kuwa na takriban gigabaiti 3,726 bila kuwa imepungukiwa na kitu. Baada ya clean, diski huanzishwa upya katika Disk Management kwa jedwali la aina ya GPT, hutengenezwa kizigeu kipya, na kufomatiwa kwa NTFS, au kwa exFAT ikiwa itazunguka kati ya Windows na kompyuta za Apple.

Zipo nyakati ambapo hata clean hukataliwa. Ikijibu kwamba ufikiaji umezuiwa, kwa kawaida ipo programu nyingine iliyoishikilia diski, kama vile ya kukagua virusi au ya kunakili, na kuiwasha kompyuta upya kabla ya kurudia amri mara nyingi hutosha. Ikisema kwamba diski imelindwa isiandikwe, amri ya attributes disk clear readonly huliondoa zuio hilo, ikiwa ni la Windows. Likiwa limewekwa na adapta ya USB au na diski yenyewe, litarudi. Kwa upande wa kompyuta za Apple, chombo cha Disk Utility huficha ngazi ya juu ya diski hadi mtumiaji achague kuonyesha vifaa vyote, na wengi hugota hapo kwa sababu wamechagua kizigeu badala ya diski yenyewe. Kwenye Linux hutumika wipefs, inayoondoa alama za mifumo ya faili na RAID popote zilipo, na mdadm yenye chaguo la kufuta alama za RAID. Alama hizo hukaa mahali pasipotarajiwa: matoleo mengine huziandika karibu na mwanzo wa kizigeu, mengine mwishoni kabisa, na jedwali la GPT lenyewe huwa na nakala ya akiba mwishoni mwa diski, jambo linaloeleza kwa nini diski iliyofutwa mwanzo wake tu huweza kuibuka tena ikidai kuwa ni mwanachama wa kundi la RAID lililokwisha kuvunjwa.

Sura nyingine ya mgomo inahusu ukubwa. Jedwali la zamani la vizigeu, liitwalo MBR, huhesabu sekta za diski kwa namba ya biti 32, na kwa kuwa sekta, yaani kipimo kidogo kabisa kinachosomwa au kuandikwa kwa mara moja, ilizoeleka kuwa na baiti 512, upeo wake ni baiti 2,199,023,255,552, ambazo ni takriban terabaiti 2.2. Diski ya terabaiti 4 iliyoanzishwa kwa MBR itafomatika hadi hapo, na nafasi inayozidi itabaki imeandikwa kuwa haijatengwa, ikikataa kila amri. Tiba yake ni kuigeuza iwe ya GPT, jedwali jipya zaidi, ambalo halina kikomo kinachoweza kufikiwa na diski za leo. Kosa la aina hiyo hiyo hutokea ndani ya adapta za zamani za USB, ambazo nazo huhesabu kwa biti 32 na zinapofika mwisho huanza tena sifuri: diski ya terabaiti 3 iliyochomekwa kwenye adapta kama hiyo huonekana kuwa na gigabaiti 746 hivi, ambayo ni ile ziada baada ya kuondoa terabaiti 2.2 za mwanzo. Anayeona namba hiyo asiilaumu diski, bali abadilishe adapta, na asiifomati kabisa akiwa bado kwenye adapta hiyo.

Adapta nyingine hufanya jambo la kutatanisha zaidi, kwani huitangazia kompyuta kwamba sekta za diski zina baiti 4,096 ilhali diski yenyewe inasema 512. Diski iliyofomatiwa kupitia adapta hiyo na kisha kuhamishiwa kwenye kebo ya SATA huonekana kuwa haina mfumo wa faili unaojulikana, kwa sababu kila anwani iliyomo kwenye jedwali sasa inaelekeza mahali pasipo penyewe. Kuirudisha kwenye adapta yake huyarudisha mafaili yote. Ni kosa lenye huruma, likitambuliwa mapema.

Wanunuzi wa diski zilizotumika, ambao Dar es Salaam, Nairobi na Kampala si wachache kwa kuwa diski mpya zenye ukubwa wa maana ni ghali, wanaweza kukutana na sekta za aina ya tatu. Diski zilizotolewa kwenye mitambo mikubwa ya hifadhi ya mabenki na kampuni, hasa zile za aina ya SAS, mara nyingi zimeandaliwa kwa sekta za baiti 520, ambapo baiti 8 za ziada hutunza hesabu ya kuthibitisha kwamba data haikubadilika njiani. Windows huiona diski hiyo, huonyesha hata ukubwa wake, lakini haiwezi kuianzisha wala kuifomati, na Diskpart haisaidii kitu, kwa kuwa tatizo liko chini ya jedwali lolote. Inahitajika kadi ya SAS, maana plagi ya diski hizo haiingii kwenye soketi ya kebo ya SATA ya kompyuta ya mezani, na programu ya sg_format iliyomo katika kifurushi cha sg3_utils cha Linux, ambayo huiamuru diski ijipange upya kwa sekta za baiti 512. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati diski hubaki haitumiki mpaka kazi irudiwe tangu mwanzo, hivyo si ya kufanywa bila betri ya akiba.

Diski isiyoonekana kabisa ina maelezo yake, na baadhi hayahusiani na data. Diski za inchi 3.5 huhitaji umeme wa volti 12, ambao mlango wa kawaida wa USB hautoi, kwa hiyo adapta isiyo na waya wake wa umeme haiwezi kuizungusha. Baadhi ya diski kubwa zilizokusudiwa kwa seva na hifadhi za mtandao zina kipengele kilichowekwa katika toleo la 3.3 la kiwango cha SATA, ambacho huigeuza pini ya tatu ya plagi ya umeme kuwa swichi ya kuizima diski kutoka mbali. Kifaa cha zamani cha kugawa umeme hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, na diski, ikitii, haizunguki hata mara moja. Diski hiyo si mfu. Waya wa umeme usio na laini ya volti 3.3 huifufua papo hapo, mradi uwe waya wa ubora, kwa kuwa zile adapta za bei ya chini zenye plagi ya plastiki iliyoyeyushiwa waya zimewahi kuungua.

Kufuli pia zipo. Kiwango cha ATA, ambacho diski za SATA hukifuata, huruhusu diski kuwekewa nywila ndani ya kidhibiti chake, na ikifungwa hukataa kusoma na kuandika popote itakapopelekwa, ikionekana kwa jina na ukubwa tu. Diski zinazojisimba zenyewe, yaani zinazobadilisha kila baiti kuwa fumbo kwa ufunguo uliofichwa ndani yake, aghalabu huwa na namba ndefu iitwayo PSID iliyochapishwa kwenye lebo, ambayo huirudisha diski katika hali ya kiwandani kwa kuutupa ufunguo. Diski hufunguka, ila yaliyokuwemo hayatasomeka tena. Aliyeinunua diski ya namna hii bila kujua ilikotoka anapaswa pia kujiuliza kama muuzaji alikuwa na haki ya kuiuza.

Baada ya hayo yote kuondolewa ndipo hubaki diski zilizo mbovu kweli, na hizo hujieleza zenyewe kwa anayejua kuzisoma. Kila diski ya kisasa hutunza kumbukumbu za afya yake kwa utaratibu uitwao SMART, unaosomwa kwa programu za bure kama CrystalDiskInfo au smartmontools. Kipengele namba 5 huhesabu sekta zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba, 197 huhesabu zinazosubiri uamuzi kwa kuwa hazikusomeka, na 198 zile zilizoshindikana. Namba hizo zikiwa zinapanda kila zinapotazamwa, diski haifai kukabidhiwa kitu chenye thamani hata ikikubali kufomatiwa. Kipengele namba 199 ni cha kutofautishwa na hivyo, kwa maana huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi dawa yake ni kebo mpya.

Kuna wanaodhani diski yao imekwama kumbe inafanya kazi. Ufomataji wa haraka huandika daftari jipya tu na huisha kwa sekunde, lakini ule kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye kila sekta, na kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde diski ya terabaiti 4 huhitaji zaidi ya saa 7. Diski zenye mistari ya data inayolaliana, zijulikanazo kwa kifupi SMR, huweza kupunguza kasi sana zinapoandikiwa bila kupumzika. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba aina kadhaa za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa hifadhi za mtandao, zilikuwa za teknolojia hiyo bila lebo kusema, na Western Digital ikalazimika kuchapisha orodha yake. Inafaa pia kusemwa kwamba anayekusudia kuirudisha diski ndani ya kisanduku cha mtandao hana sababu ya kuihangaikia kwenye Windows, kwa kuwa kisanduku kitaigawa na kuifomati upya kwa utaratibu wake, na saa zote zilizotumika mezani zitakuwa zimepotea bure.

Diski inayoondoka mikononi mwa mwenyewe inadai uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu clean na ufomataji wa haraka ni sawa na kung'oa ukurasa wa yaliyomo huku sura zote za kitabu zikibaki, na programu za kurejesha data huzisoma sura hizo bila shida. Hifadhi za mtandao ndizo zinazobeba mafaili ya wagonjwa wa zahanati, wanafunzi wa shule na wateja wa duka, watu ambao hawakuulizwa kama diski iuzwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtwika wajibu wa uangalifu huo anayezitunza taarifa zao. Kwa diski ya sumaku, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika toleo lake la mwaka 2014, ulikubali kwamba kuandika juu ya diski nzima mara moja, kwa sifuri kwa mfano, kwa kawaida kunatosha. Katika Diskpart amri ya kufanya hivyo ni clean all, nayo huchukua saa zilezile za ufomataji kamili. Sekta zilizoharibika na kuondolewa kwenye hesabu hazifikiwi na amri hiyo, ingawa huenda bado zina maandishi ya zamani, hivyo diski yenye sekta nyingi za namna hiyo na iliyowahi kubeba taarifa za watu haiuzwi, bali hufunguliwa na sahani zake kuvunjwa.